Barua ya wazi kwa viongozi wa afya na utafiti: pimeni pia maumivu ya kuguswa

Kwa Waziri wa Afya; kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza na Waganga Wakuu wa Wilaya; kwa uongozi wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kituo cha Mwanza; kwa uongozi wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando na wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Sayansi za Afya na Tiba; na kwa Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH.

YAH: OMBI LA KUPIMA, KUANDIKA NA KUTAFITI MAUMIVU YANAYOLETWA NA MGUSO KWA WATU WENYE MISHIPA YA FAHAMU ILIYODHURIKA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Nimefanya kazi hii Sengerema na sasa niko jijini Mwanza, na barua hii naiandika kwa niaba yangu mwenyewe, si kwa niaba ya mwajiri wangu. Jambo ninalolileta kwenu ni moja. Katika kliniki nilizozifanyia kazi, iwe ya ukoma, ya kisukari au ya watu wanaoishi na VVU, tunapima kama mgonjwa amepoteza hisia, lakini hatupimi kama hisia zake zimegeuka kuwa maumivu. Kwa kuwa hatupimi, hatuandiki. Na kwa kuwa hatuandiki, hakuna mtafiti wala mpanga bajeti anayeweza kujua kwamba watu hawa wapo na ni wangapi.

Chukueni mfano wa kipimo cha mishipa ya fahamu anachofanyiwa mgonjwa wa ukoma. Mhudumu humwomba afumbe macho, kisha humgusa kwa ncha ya kalamu ya wino sehemu mbalimbali za kiganja na unyayo, naye mgonjwa huonyesha kwa kidole pale alipoguswa. Akionyesha, panawekwa alama ya vema. Asipoonyesha, panawekwa alama ya kukosa. Nilikuwapo mzee mmoja, mvuvi wa zamani aliyekwisha kumaliza dawa za ukoma miaka mingi nyuma, alipoguswa kiganjani upande wa kidole kidogo. Aliuvuta mkono hadi kifuani, jasho likamtoka kwenye paji la uso, akanyamaza kidogo kabla ya kusema, "Hapo, mwanangu, pananichoma." Kwenye fomu aliwekewa vema. Kwa kanuni za fomu ile mhudumu hakukosea, maana mzee aliihisi kalamu. Lakini mtu asiyeweza kushika kasia, wala kamba ya nyavu, wala mkono wa mjukuu wake, aliondoka pale akiwa ameandikwa kwamba mkono wake hauna tatizo.

Kitaalamu hali hii huitwa alodinia, yaani maumivu yanayoletwa na kitu ambacho kwa kawaida hakiumizi: shuka, upepo wa pangaboi, maji ya kuoga, kiatu cha wazi, kiwiko cha abiria mwenzako kwenye daladala. Anayeijua vizuri zaidi huku kwetu pengine ni mgonjwa aliyepona mkanda wa jeshi. Ugonjwa huo huletwa na kirusi kilekile cha tetekuwanga, ambacho baada ya utotoni hujificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo na kuamka mwili unapodhoofu, kwa uzee au kwa VVU. Malengelenge hukauka baada ya wiki chache, ngozi ikabaki na makovu tu, na ndugu wakaamini mtu amepona. Lakini kwa baadhi yao maumivu hubaki miezi na hata miaka, na mguso mwepesi ndio unaoumiza kuliko wote. Nimemwona mama aliyekuwa akiishika kanga yake mbali na kifua kwa mikono miwili, toka kwenye benchi la kusubiria hadi ndani ya chumba cha daktari, ili isimguse chini ya titi la kushoto. Nilipopitisha kipande cha pamba kuanzia upande mzima kuelekea ule unaouma, nikaweka alama kwa kalamu kila mahali mguso ulipogeuka kuwa moto, ule mstari ulizunguka ubavu kufuata mbavu zake kutoka mgongoni hadi mbele, sawasawa na njia ya mshipa mmoja wa fahamu. Kabla ya siku hiyo alikuwa ameambiwa, na watu wa afya wenzangu, kwamba ni mawazo.

Si mawazo, na sayansi ya jambo hili imeshapiga hatua kubwa ambayo inafaa viongozi wetu waijue.

Mguso wa kawaida husafirishwa na nyuzi nene za mishipa ya fahamu, na uchungu husafirishwa zaidi na nyuzi nyembamba. Watafiti waliubana mkono au mguu wa mgonjwa kwa mkanda kama ule wa kupimia presha na kuuacha umebana kwa muda. Nyuzi nene ndizo zinazoanza kushindwa kupitisha taarifa. Wakaona kwamba mgonjwa alipoacha kuhisi kupapaswa, maumivu ya kupapaswa nayo yalitoweka, ingawa joto na uchungu mwingine alikuwa bado anauhisi. Maana yake ni kwamba yule mama wa mkanda wa jeshi hapati taarifa ya uongo kutoka kwenye ngozi. Kanga inamgusa, nyuzi za mguso zinapeleka habari ya mguso, na habari hiyo ikifika kwenye uti wa mgongo ndipo inapopokelewa kama maumivu. Mwaka 1983 mtafiti Clifford Woolf alionyesha kwa panya kwamba jeraha la pembeni mwa mwili hubadilisha utendaji wa seli za uti wa mgongo wenyewe, zikawa zinaitika kupita kiasi hata kwa vichocheo vidogo. Tangu hapo haikuwezekana tena kwa mtu mwenye elimu ya tiba kusema kwamba maumivu yasiyo na kidonda ni ya kujitungia.

Ilibaki kujua ni nini hasa, ndani ya ncha ya mshipa wa fahamu, kinachoupokea ule mguso. Mwaka 2010 maabara ya Ardem Patapoutian huko California, Marekani, ilitangaza kugundua protini mbili zinazofunguka seli inaposukumwa au kubanwa, zikaitwa PIEZO1 na PIEZO2. Hii ya pili ndiyo kipokezi kikuu cha mguso mwepesi, na ugunduzi huo ulichangia Patapoutian kupata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 pamoja na David Julius, ambaye yeye alianzia kwenye kiini cha ukali wa pilipili na kufika kwenye kipokezi cha joto na uchungu. Wapo watu wachache sana duniani waliozaliwa bila PIEZO2 inayofanya kazi. Mwaka 2018 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani walieleza majaribio waliyofanya na watu hao kwa kutumia dawa itokanayo na pilipili. Kwa mtu wa kawaida, ngozi inayozunguka mahali ilipowekwa dawa ile huanza kuuma ikipapaswa kwa wepesi. Kwa wale wasio na PIEZO2, kupapaswa hakukuuma. Mwaka huohuo kundi la Patapoutian lilionyesha kwamba panya walioondolewa protini hiyo hawakupata maumivu ya mguso hata baada ya mishipa yao ya fahamu kujeruhiwa.

Naomba jambo hili lisomwe kwa makini, kwa sababu lina mipaka yake. Wale watu waliopimwa Marekani hawakuwa na mishipa iliyoharibiwa na ugonjwa. Walipakwa uchungu wa muda tu. Waliokuwa na mishipa iliyojeruhiwa walikuwa panya. Tena PIEZO2 haihusiki na mguso pekee. Ndiyo pia inayomwezesha mtu kujua mguu wake uko wapi bila kuutazama, kwa hiyo dawa itakayoizima mwili mzima ingemfanya mgonjwa ashindwe kutembea gizani. Atakayetengeneza dawa ya kufaa atalazimika kuizima pale panapouma tu, na ili ajue kama inafaa atahitaji wagonjwa ambao aina ya maumivu yao inajulikana na imeandikwa. Hapo ndipo sisi wa Kanda ya Ziwa tunapokosekana kabisa, ilhali sababu za mishipa ya fahamu kudhurika tunazo tele.

Wapo waliopona ukoma. Tafiti zilizofanyika India, Ethiopia na Brazili zimeonyesha kwamba maumivu ya mishipa ya fahamu huwapata hata baada ya dawa kwisha. Wapo watu walioanza dawa za VVU enzi za stavudini, dawa ambayo mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe hatua kwa hatua, kwa sababu ya madhara yake yakiwemo ya mishipa ya fahamu. Dawa imeondoka, miguu inayowaka moto kwa baadhi yao imebaki. Wapo wenye kisukari ambao usiku huitoa miguu nje ya shuka. Wapo vijana wa bodaboda walionyofoka mishipa ya bega, na wafanyakazi wa viwanda vya minofu ya sangara waliokatwa na visu vyao vikali, ambao kidonda kikifunga wanaambiwa warudi kazini, na wakishindwa kuvaa glavu wanaonekana wavivu. Wapo watoto wa selimundu, ugonjwa ambao kanda yetu ina mzigo wake mkubwa, na ambao kwao maumivu kati ya kipindi kimoja cha dhiki na kingine hayajachunguzwa inavyostahili.

Nitakaa kidogo kwenye suala la dawa, kwa sababu ndilo linaloniumiza zaidi. Mgonjwa wa maumivu haya anapofika kituoni bila kuulizwa yanaletwa na nini, anachopewa mara nyingi ni parasetamo, na ikishindwa, diklofenaki. Diklofenaki haina msaada wa maana kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, na ikitumiwa muda mrefu huumiza tumbo na figo, figo zilezile ambazo mwenye kisukari anapaswa kuzilinda kama uhai wake. Wakati huohuo amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, iliyomo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ni miongoni mwa zilizopendekezwa kuanziwa nazo katika uchambuzi mkubwa wa kimataifa wa mwaka 2015. Uchambuzi ule ulikadiria kwamba katika kila watu wanne hivi wanaotibiwa kwa dawa za kundi lake, mmoja hupata nafuu kubwa ambayo asingeipata kwa kidonge kisicho na dawa. Kwa gabapentini na pregabalini, dawa nyingine zinazotumiwa kwa maumivu haya, huhitajika watu saba au wanane kumpata huyo mmoja. Si nafuu ya kila mtu, na kwa wazee na wenye maradhi ya moyo amitriptilini inahitaji uangalifu. Lakini mgonjwa hawezi hata kujaribiwa dawa sahihi kama kwenye faili lake hakuna mahali palipoandikwa kwamba anaumia akiguswa.

Tena yapo matumaini kwamba aina ya maumivu itaonyesha aina ya dawa. Mwaka 2014 watafiti wa Denmark waliwagawa wagonjwa kabla ya kuwapa okskabazepini, ambayo ni ndugu ya kabamazepini tunayoitumia kwa kifafa, wakawatenga wale ambao mishipa yao ilikuwa bado hai na yenye hisia zilizozidi na wale waliopoteza hisia. Dawa iliwasaidia wale wa kwanza zaidi. Mwaka 2017 uchambuzi wa vipimo vya wagonjwa zaidi ya 900 wa Ulaya uliwapanga katika makundi matatu, na mojawapo lilitambulishwa hasa na maumivu ya kuguswa na kubonyezwa. Wagonjwa wetu wako katika kundi lipi? Mwenye ukoma wa Ukerewe na mwenye kisukari wa Nyegezi wanafanana kwa lolote zaidi ya kuumia? Hakuna anayeweza kunijibu, na jibu haliwezi kuagizwa kutoka Ulaya.

Najua litakalosemwa, kwamba utafiti wa namna hii ni wa nchi tajiri. Mwanza imekwisha kulikanusha neno hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika vijiji vya mkoa huu, utafiti ulifanyika kwenye jamii 12, nusu yao zikipata huduma bora ya magonjwa ya ngono kupitia zahanati na vituo vya afya vya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40 katika jamii zile, na dunia nzima iliyasoma. Waliofanya kazi ile walikuwa waganga wasaidizi na wauguzi wa zahanati, wakitumia walichokuwa nacho, lakini wakiandika kila walichokiona.

Ninachokiomba ni kidogo kuliko hicho. Kwa Waganga Wakuu, naomba kipimo cha pamba kiingizwe katika uchunguzi wa kawaida wa kliniki za ukoma, za kisukari na za VVU, pamoja na wodi za majeruhi. Mhudumu apapase kwa kipande cha pamba kwanza mahali pazima, kisha mahali panapolalamikiwa, aulize panauma au hapaumi, aandike. Fomu ya ukoma ipate alama ya tatu, ya "anahisi kwa maumivu", ili mtu kama yule mzee wangu asifichwe tena na alama ya vema. Anayeonekana kuwa na tatizo apimwe kwa dodoso la kutambua maumivu ya mishipa ya fahamu liitwalo DN4, lililotungwa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2005, lenye maswali saba na vipimo vitatu ambavyo havihitaji mashine yoyote. Lihakikiwe kwanza kwa Kiswahili na kwa Kisukuma na wagonjwa wenyewe. Wahudumu waelezwe pia kwamba kipimo hiki kinauma, hivyo mgonjwa aombwe ridhaa, na akisema basi, iwe basi.

Kwa NIMR, kwa Chuo na kwa COSTECH, naomba fungu la utafiti ambalo litaanza kwa kuhesabu, maana bila hesabu hatutaaminiwa na yeyote, na baada ya hapo liwafuatilie wagonjwa wa mkanda wa jeshi kuanzia wiki ya kwanza ya malengelenge. Sababu ya kuwachagua hao ni kwamba kwao siku ya kudhurika kwa mshipa inajulikana, jambo ambalo kwa kisukari au ukoma haliwezekani. Tutaweza kuona ni lini mguso unageuka kuwa maumivu, kwa nani, na kama hali ya VVU inabadilisha chochote. Wanafunzi wa udaktari wanaohitaji mada za tasnifu wapo mlimani Bugando kila mwaka. Nauli za wagonjwa ziwekwe kwenye bajeti toka mwanzo, ikiwa ni pamoja na ya kivuko, kwa sababu utafiti unaowangoja watu wa visiwani wajilipie kuja mjini utapata wagonjwa wa mjini peke yao. Na katika kamati itakayousimamia wakae watu wawili au watatu wanaoishi na maumivu haya, wenye haki ya kusema swali lipi lina maana kwao na lipi halina.

Kwa Wizara, naomba vitabu vya MTUHA, yaani vya kuandikia taarifa za huduma za afya vituoni, vipate safu ya maumivu ya mishipa ya fahamu, na amitriptilini isikosekane dirishani katika vituo vya afya vinavyohudumia kliniki hizo, ikiambatana na mafunzo mafupi ya namna ya kuianza kwa dozi ndogo ya usiku na nani asipewe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Katika vitita vyake vya huduma, maumivu haya yahesabiwe kama ugonjwa unaotibiwa, siyo kama lalamiko linaloambatana na ugonjwa mwingine.

Nimeandaa mfano wa fomu ya ukurasa mmoja, wenye mchoro wa mwili wa kuwekea alama za mipaka ya maumivu na nafasi ya DN4, na niko tayari kuukabidhi kwa ofisi yoyote itakayouhitaji, uhaririwe au utupwe ukionekana haufai. Niko tayari pia kuwafundisha wahudumu wa kituo chochote cha Nyamagana, Ilemela au Sengerema baada ya saa za kazi, bila posho. Ninachoomba kutoka kwenu ni kwamba wataalamu wa halmashauri watakapokaa kuandaa mpango kabambe wa afya wa mwaka ujao wa fedha, jambo hili liwe mezani, na atakayeona halistahili aeleze kwa maandishi ni kwa nini.

Naomba kuwasilisha.

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Mwanza